Mrejesho: kompyuta mpya ya injini kwenye Starlet, kabla ya turbo

Wakuu, niliuliza kama nifunge kompyuta ya injini na turbo kwa pamoja kwenye Toyota Starlet yangu yenye injini ya 4E-FE, au nianze na kompyuta. Wengi mlisema kompyuta kwanza, gari litembee bila turbo hadi litulie. Nimefuata, na asanteni sana, maana ningefunga vyote siku moja nisingejua tatizo limetoka wapi.

Na tatizo lilikuja. Kila ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika injini inakata. Nilihangaika na plagi na injekta wikendi mbili nzima. Kumbe kuna ushauri wenu niliupuuza: ule wavu wa kuzuia kelele za umeme, unaozunguka waya za sensa ya distribyuta (ile inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka), niliufunga ethi pande zote mbili. Nimeukata upande wa distribyuta, nikaacha wa kompyuta tu. Sasa inavuta safi hadi 6,000.

Uliyesema nitazame sensa ya presha ya hewa kabla ya kuwasha, Mungu akubariki. Ilisoma kilopaskali 86 nikataka kuitupa, ukanikumbusha Arusha iko juu na presha ya hewa ni ndogo, si Dar ambako ingesoma karibu 100. Taiming, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, niliifunga digrii 10 kwenye programu ya kompyuta, nikamulika puli kwa taa ya taiming: alama ilikuwa imepita digrii 4. Nimerekebisha.

Kilichobaki ni kuwaka asubuhi kwenye baridi. Napiga stata mara tatu, nne, ndipo ishike. Nimeongeza kwenye programu kiasi cha petroli kinachoingia wakati wa kuwasha, imesaidia kidogo tu. Turbo bado iko kwenye boksi, na haitoki hadi hilo liishe.