Mkate na zeituni nisizoagiza

Wapendwa,

Juzi nilikuwa Lisbon kwa siku tatu. Nimeketi mgahawani, menyu sijaifungua, mhudumu kanishushia mkate, zeituni na jibini. Nikasema hawa watu wakarimu kweli, nikala. Bili ilipokuja, kila kimoja kina bei yake! Jamani, nimeibiwa? Wiki ijayo naelekea Italia, halafu Marekani. Nisaidieni nisiumbuke tena.

JIBU:

Pole dada, lakini hujaibiwa. Wareno wanaiita couvert. Sheria yao haimruhusu mwenye mgahawa kukutoza kitu ambacho hukukiagiza wala kukigusa, ila ukishaonja zeituni moja umenunua kisahani kizima. Huvitaki, sema "não, obrigada", vitaondolewa na hakuna atakayenuna. Mimi huomba viondolewe palepale, maana njaa ikiuma mkono hausikii la mtu.

Italia ni habari nyingine. Coperto yao ni ya kichwa: unalipia kukaa, ule mkate usile. Huandikwa kwenye menyu, mara nyingi chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Kwa hiyo menyu iliyobandikwa nje isome ukiwa bado umesimama. Ukishavua koti, kuondoka ni aibu. Ukipitia Ufaransa, mkate haulipiwi, na maji ya bomba ni bure ukiomba "une carafe d'eau". Ukitaja maji tu, utaletewa chupa ya kulipia.

Marekani ndiko wengi wetu tunakokosea. Bei ya kwenye menyu bado haijaongezwa kodi, na juu yake kuna bakshishi, kama asilimia 15 hadi 20. Usiichukulie kuwa hiari. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kwa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na hakijapanda tangu 1991. Majimbo kadhaa yana kima cha juu zaidi, lakini ukiinuka bila kuacha kitu umemkata mwenzio riziki. Japani nako ukiacha hela mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umeisahau.

JIBU:

Naongezea kwa wenye masharti ya chakula. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, mgahawa unapaswa kukueleza kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio: karanga, mayai, maziwa, ufuta na kadhalika. Nguruwe na pombe havimo kwenye orodha hiyo! Hilo nililijua baada ya kumaliza bakuli la supu ya mboga iliyokaangiwa mafuta ya nguruwe. Nilikuwa nimeuliza kama ina nyama, nikajibiwa haina, na aliyenijibu hakudanganya: kwake mafuta si nyama. Sasa nauliza mambo matatu: mafuta gani, mchuzi umechemshwa na nini, kuna mvinyo ndani? Nimeyaandika kwenye simu kwa lugha ya nchi ninayokwenda. Mhudumu huyapeleka jikoni, kwa mpishi mwenyewe.

JIBU:

Asanteni sana. Zeituni zenyewe zilikuwa tamu, ndiyo tabu yake. Kaka, hayo maswali matatu kama unayo kwa Kiitaliano nitumie kabla ya Jumatano, nasafiri alfajiri.