Waumini na wasioamini: kwa nini hatuwezi kubishana bila kutukanana?

Wakuu, nianze kwa kusema mimi ni muumini, nisije nikaulizwa katikati niko upande gani.

Mijadala ya kuwepo kwa Mungu siku hizi inakwenda hivi. Mtu anauliza: kama Mungu ana upendo wote na uwezo wote, mbona watoto wachanga wanakufa kwa saratani? Swali zito, wanatheolojia wamelihangaikia karne na karne. Jibu la kwanza: "Kafiri mkubwa wewe, subiri ufe ndio utajua." La pili: "Wazazi wako wamepata hasara." Muulizaji naye anachemka: "Mmeshikiwa akili, endeleeni kuongea na rafiki yenu wa kufikirika." Wale watoto hakuna anayewakumbuka tena.

Mwaka 1948 Bertrand Russell, mwanafalsafa asiyeamini, na padri Mjesuiti Frederick Copleston walibishana kwenye redio ya BBC. Copleston alianza kwa kueleza anaposema Mungu anamaanisha nini: nafsi kuu, iliyo tofauti na ulimwengu na iliyouumba. Akamuuliza mwenzake kama anaikubali maana hiyo. Akakubali. Akamuuliza tena kama anadai inaweza kuthibitishwa kwamba Mungu hayupo. Russell akasema hapana, hadai hivyo. Mjadala haujaanza, na kila mmoja keshajua mwenzake amesimama wapi! Vijembe vilikuwepo. Russell aliposhikilia kwamba ulimwengu upo tu, basi, Copleston alimwambia kwamba anayekataa hata kuketi kwenye ubao wa chesi hawezi kufungwa. Kijembe hicho kililenga hoja, mama yake Russell hakuguswa.

Sasa kuna wanaosema pande zote mbili ni sawa tu kwa ubaya. Hapo sikubaliani. Dhihaka inauma, nimeionja, lakini haijanifunga jela. Avijit Roy, mwandishi asiyeamini, alikatwa mapanga hadi kufa mjini Dhaka, Bangladesh, Februari 2015 akitoka kwenye maonyesho ya vitabu. Mubarak Bala wa Nigeria, naye asiyeamini, alikamatwa 2020 kwa alichoandika Facebook, na 2022 akahukumiwa miaka 24, baadaye ikapunguzwa. Anayemwandikia mwenzake "watu kama wewe dawa yenu ni moja" ajue kuna waliopewa dawa hiyo kweli.

Najua mtu atanitajia Albania. Sawa, 1967 utawala wa kikomunisti wa Enver Hoxha, uliopinga dini, ulifunga misikiti na makanisa yote, viongozi wa dini wakatupwa magerezani. Ukatili mtupu, na asiyeamini anayeuruka akizungumzia historia ya dini hatutendei haki. Ila tazama nani alikuwa na rungu pale: serikali. Katika jamii nyingi leo rungu tunalo sisi waumini, kwa wingi wetu tu. Anayejulikana haamini anaweza kukosa mchumba, kutengwa na ndugu, hata kazi ikaota mbawa. Yeye akinicheka, mimi nakosa nini?

Kwa hiyo naomba mnijibu. Waumini wenzangu: kama Mungu tunayemwamini ni muweza wa yote, vitisho vyetu vinamsaidia nini? Na ninyi msioamini: mmewahi kumpata hata mtu mmoja aliyebadili msimamo baada ya kuitwa mjinga?

Karibuni. Wa matusi sitamjibu.