Kampuni ya delivari ikikukata shifti usiku wa kuamkia kazi, ilipe au isilipe?

Dereva wa Sinza (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi. Mimi napeleka chakula na vifurushi kwa pikipiki, kampuni moja hapa hapa Dar. Utaratibu wetu: ratiba ya wiki inafunguliwa kwenye programu Jumapili jioni, unachagua shifti kulingana na alama zako, Jumatatu unaingia barabarani. Siku hizi shifti uliyochagua si yako mpaka uwe umeshaianza.

Juzi nilikuwa na saa 4 asubuhi mpaka saa 4 usiku, Mikocheni na Masaki. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa 5, ukaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: shifti zimepangwa upya kutokana na mahitaji. Nafungua programu nakuta nimebakiwa na saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku. Unawaandikia sapoti, wanakurudishia sentensi ile ile wanayomtumia kila mtu.

Mafuta nilishajaza. Pikipiki si yangu, na hesabu ninayompelekea bosi mwenye pikipiki ni elfu kumi kwa siku, iwe nimefanya saa kumi na mbili au saa nne. Mwenzetu mmoja anatoka Gongo la Mboto, yeye alikuwa ameshafika Mwenge ndipo akaona shifti imekatwa. Alikaa sheli na begi la oda pembeni mpaka jioni, maana kurudi nyumbani na kuja tena ni kuunguza mafuta ya bure. Jioni akapata oda mbili.

Swali langu: kampuni ikifuta au ikipunguza saa ikiwa imebaki chini ya siku moja, ilazimike kulipa angalau sehemu ya saa hizo? Mimi nasema ilipe.

Kobe wa Tabata
Mleta mada, wewe hukuajiriwa. Umesaini mkataba wa mtoa huduma wa kujitegemea. Ukitaka mshahara wa uhakika tafuta ajira. Huwezi kutaka uhuru wa kujiamulia halafu utake na malipo ya kukaa sheli.

Dereva wa Sinza
Uhuru upi mkuu? Nikikataa oda alama zinashuka. Zikishuka, Jumapili nafunguliwa ratiba wakati wenzangu wameshamaliza saa nzuri, nabaki na saa za kuchoma jua. Nikichelewa kuingia zoni, alama. Simu ikizima chaji, alama. Begi lao, fulana yao, na dhamana ya begi wameikata kwenye malipo yangu. Kwenye kunikata ndipo nakuwa mtu huru?

Jiko la Kinondoni
Mimi niko upande wa pili, nina jiko na nauza kupitia hizo programu. Kuanzia tarehe 25 mpaka tarehe 5 hivi oda hazipumziki, watu wana mishahara. Ikifika tarehe 12 zinakauka, unaweza kukaa saa nzima hujasikia simu. Mvua ikinyesha saa moja jioni zinakuja zote kwa pamoja. Sasa kampuni itajuaje Jumapili kwamba Alhamisi itahitaji madereva mia au thelathini? Tukilazimisha walipe saa tupu, hiyo hela itatoka kwenye kamisheni yangu, na mimi nitapandisha bei ya kuku.

Boda Mbagala
Jiko, umejijibu mwenyewe. Kama wewe mwenye jiko moja unajua tarehe 12 oda zinakauka, kampuni yenye kumbukumbu ya kila oda iliyopita hapa mjini inashindwaje kujua? Wanajua. Wanafungua shifti nyingi Jumapili ili mvua ikinyesha wawe na watu wa kutosha, na isiponyesha wanakata. Hasara ya kubahatisha kwao inabebwa na sisi.

Jiko la Kinondoni
Sikatai. Ila usiseme kama sisi wenye majiko tunafaidi.

Mteja wa Mbezi
Naomba na mimi nisikike. Ada ya kupeleka imepanda, dereva analia, mwenye jiko analia, na kampuni nayo inasema inapata hasara. Hela yangu inakwenda kwa nani?

Kobe wa Tabata
Niwakumbushe jambo. Uber walipobanwa kamisheni na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, waliondoka, nadhani 2021. Jumia, wale wa duka la mtandaoni, walifunga Tanzania 2019. Hata Nairobi na Kampala, Jumia Food, huduma yao ya kupeleka chakula, imekufa. Endeleeni kuzibana hizi zilizobaki, mtarudi vijiweni kugombea abiria wa buku.

Boda Mbagala
Weka sawa tarehe zako. Uber ilisimamisha huduma Aprili 2022 baada ya LATRA kuweka ukomo wa kamisheni asilimia 15, na Januari 2023 ikarudi, ukomo ukiwa umepandishwa hadi asilimia 25. Maana yake serikali na kampuni walikaa wakaelewana. Jumia Food ilifungwa mwisho wa 2023 nchi kadhaa kwa mpigo, Nigeria na Morocco zikiwemo. Hakuna dereva aliyewabana huko kwa kudai shifti. Ilikuwa biashara isiyowalipa, basi.

Kobe wa Tabata
Umethibitisha nilichosema. Biashara yenyewe hailipi, na bado unataka uiongezee mzigo.

Mtanzania New York
Wandugu, huku New York tangu Desemba 2023 kampuni za kupeleka chakula zinatakiwa kulipa kima cha chini, kilianza na dola 17 na senti 96 kwa saa. Kilichofuata, kampuni nyingine zikaanza kubana saa za kuingia kwenye programu. Zamani ulikuwa unawasha ukitaka. Sasa unaomba nafasi na nafasi zinakwisha mapema. Aliyebaki ndani analipwa vizuri zaidi, aliyebaki nje anaangalia simu. Siwakatishi tamaa. Ila mkidai malipo, daini na utaratibu wa saa hapo hapo, la sivyo watawapa kimoja na kuwanyang'anya kingine.

Kobe wa Tabata
Asante kwa ushuhuda. Hiyo ni Marekani yenye hela, fikiria hapa kwetu.

Mtanzania New York
Mkuu, umechukua nusu ya maneno yangu. Sikusema wasidai.

Wakili wa Mtaani
Mnazunguka sana wakati sheria ipo. Someni Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama kuna hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa: namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na huyo mwingine, amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, na vingine. Kimoja kinatosha kuanzia. Mleta mada ana vitatu au vinne kwenye bandiko lake. Neno "kujitegemea" kwenye mkataba halimalizi hoja.

Na ukishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri anayebadili masharti ya kazi ashauriane na wewe na akujulishe kwa maandishi. Ujumbe wa saa 5 usiku kwenye kundi si mashauriano. Pelekeni shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi ina siku 60, ya kuachishwa ina siku 30, msije kusema hamkuambiwa.

Tatizo lenu madereva mnasaini bila kusoma. Ndivyo mnavyosaini pia ile mikataba ya kinyonyaji ya wenye pikipiki, mnalipa hesabu hadi siku za msiba, halafu mnakuja kuilaumu programu.

Nesi wa Kibamba
Wakili, futa hilo neno "kinyonyaji". Mimi ni nesi, nina pikipiki mbili za mkataba. Nilikopa Saccos, wananikata kwenye mshahara kila mwezi, walionikopesha hawaulizi kama dereva alipata shifti. Dereva ananiletea hesabu, mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake na kadi anabadilisha jina. Unyonyaji uko wapi hapo? Kijana asiye na dhamana benki, nani mwingine atamkabidhi chombo cha mamilioni kwa kuaminiana?

Wakili wa Mtaani
Dada, sikukutaja wewe. Nimesema mikataba. Mingi ninayoletewa haina kipengele cha ugonjwa, haina cha matengenezo, haina cha siku ambazo hakuna kazi. Dereva akikosa hesabu siku chache mfululizo, pikipiki inachukuliwa na miezi yote aliyolipa inapotea. Hilo nitaliitaje?

Nesi wa Kibamba
Liite tahadhari. Pikipiki yangu ya kwanza dereva alizima simu, ikaonekana imeuzwa vipande. Nililipa mkopo wa chombo ambacho sinacho, huku nafanya zamu za usiku wodini. Hakuna aliyefungua mjadala kunitetea.

Boda Mbagala
Kwa hiyo sisi wote ni wezi? Mimi nimemaliza mkataba wangu, sijawahi kuruka hesabu hata nilipovunjika mkono, mdogo wangu alishika usukani hesabu ikaenda. Mwizi mmoja amekuumiza wewe, unatuandikia mikataba sote kama watuhumiwa.

Nesi wa Kibamba
Sijasema wote. Soma tena.

Boda Mbagala
Nimesoma. Elfu kumi kwa siku mara siku zote za mkataba, piga hesabu uone umelipwa pikipiki ngapi.

Nesi wa Kibamba
Na wewe piga hesabu ya riba ya Saccos, bima, leseni, na injini ikifa. Hicho mnachoita faida ni ada ya shule ya watoto wangu, sijajenga ghorofa.

Kobe wa Tabata
Afadhali sasa mnaongea ukweli. Kinachomuumiza dereva ni hesabu, programu inasingiziwa. Mwenye pikipiki yake mwenyewe akikatwa shifti anakwenda kupakia abiria, maisha yanaendelea.

Dereva wa Sinza
Wakuu, mada yangu ilikuwa kukatwa saa bila taarifa. Bosi wangu naelewana naye. Hesabu niliijua kabla sijawasha pikipiki, elfu kumi, haijawahi kubadilishwa saa 5 usiku. Anayenibadilishia ni kampuni. Wakili katoa kifungu cha sheria, hakuna hata mmoja aliyekijibu, mmemvamia kwa neno moja. Wakili, hizo siku 60 zinahesabiwa kuanzia lini? Tumekatwa mara nyingi tangu masika.

Wakili wa Mtaani
Tangu siku mgogoro ulipotokea. Za zamani zitakusumbua, itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu. Anza na ya juzi. Hifadhi picha ya ratiba ya Jumapili, picha ya ratiba baada ya kukatwa, na ule ujumbe wa kundini. Usitoke kwenye kundi hata kama umekasirika, ushahidi wako umo humo. Na msiende mmoja mmoja.

Dereva wa Sinza
Shukrani. Tatizo ni hapo pa kwenda wengi. Aliyewahi kuhoji kundini aliondolewa, kesho yake akaunti yake haifunguki. Watu wana watoto.

Mzee wa Ilala
Vijana, kalimeni. Ardhi ipo Morogoro, ipo Rufiji.

Boda Mbagala
Mzee shikamoo, kwa heshima zote, mimi nimetoka huko huko Rufiji. Mafuriko ya 2024 yalisomba mpunga wa nyumbani wote. Msituambie kalimeni kama vile tulikuja mjini kwa kutembea.

Mzee wa Ilala
Marahaba. Poleni kwa mafuriko. Sikujua.

Nesi wa Kibamba
Narudi kwa Boda Mbagala. Mimi si jiwe. Kazini kwetu orodha ya zamu inabandikwa ukutani mapema, nikibadilishwa naambiwa na nabadilishana na mwenzangu. Dereva wangu akinionyesha ratiba ya wiki yenye siku nne za kazi, nitachukua hesabu ya siku nne, mkataba tutausogeza mbele. Nimeshafanya hivyo Ramadhani.

Boda Mbagala
Ndiyo hiyo ratiba tunayoitafuta, dada. Jumapili itakuonyesha siku sita, ukifika Ijumaa nimefanya kazi siku tatu. Utaniamini mimi au utaamini picha ya Jumapili?

Nesi wa Kibamba
Nitaamini unachoniletea mkononi.

Jiko la Kinondoni
Hapo mmeona? Dada naye anabeba hasara ya kubahatisha, sawa na sisi. Mimi nilishapika biriani ya oda za ofisini, zoni ikafungwa mchana madereva wamepunguzwa, chakula kikalala.

Kobe wa Tabata
Basi kila mtu afungue programu yake.

Boda Mbagala
Kobe, ukikosa hoja huwa unafunga mlango. Nesi, nikuulize kitu kimoja ambacho wenye pikipiki wengi wanakikwepa. Siku ambayo shifti imekatwa na pikipiki imelala, tairi likiisha ni la nani?

Nesi wa Kibamba
Tairi, plagi na oili ni za dereva. Injini ni yangu. Kila mtu anajua.

Boda Mbagala
Anajua nani? Kwetu Mbagala tairi la nyuma ni la bosi.

Dereva wa Sinza
Sinza yote mawili ni ya dereva.

Wakili wa Mtaani
Imeandikwa wapi?

Nesi wa Kibamba
Wakili, wewe tulia kwanza, bado hujafuta lile neno.