Eti "wewe ndio umechemka"! Fundi wa pale kwenye mwembe, leo simwachi

MamaWawili: Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Niko Ilula kando ya barabara, boneti iko wazi tangu saa sita, mama mkwe kakalia ndoo ya nyanya ya watu na hataki hata kuniangalia.

Fundi mnamjua. Yule anayeanza kucheka kabla hujamaliza kueleza tatizo. Simtaji, kila aliyewahi kufungua boneti pale kwenye mwembe anamjua.

Wiki iliyopita nilimpelekea Noah, nikamwambia nakwenda Iringa, kagua kila kinachohusu maji. Akang'oa thamostati, ile inayofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta yakishapata moto, akaitupa, "hii ya nchi za baridi". Akamwaga kulanti yote, ile dawa ya kupozea injini, akajaza maji ya bomba. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 1.1, kipimo cha presha, akaubadilisha na mwingine aliouchomoa kwenye kopo la misumari, mpira umekauka kama ganda la muhogo. Nikalipa 80,000!

Mikumi, safi. Ruaha Mbuyuni, safi. Tukaingia mlima Kitonga nyuma ya semi linalopanda kama konokono mwenye mimba ya mapacha. Gia namba moja, namba mbili, upepo hakuna. Karibu tunamaliza mlima, mvuke ukatoka utadhani tunapikia pilau mkoa mzima. Nampigia, nimeweka spika maana mikono imeloa. Anacheka! "Dada, huko juu ni baridi, gari haiwezi kuchemsha kwenye baridi. Wewe ndio umechemka."

Mama mkwe kasikia. Watoto wamesikia. Utingo wa semi kasikia, akamrudishia dereva wake kwa sauti: "Eti yeye ndio kachemka!"

Mimi! Miaka 11 nashika usukani! Mbele ya mama mkwe!

Mnyalukolo Halisi: Pole sana dada. Hiyo baridi ndiyo inayomdanganya. Iringa mjini tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji kwenye sufuria ya wazi yanachemka nyuzi 95 tu, waulize wanaopika maharage huku. Mfuniko mzima unabana presha, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Mpira ukifa, rejeta yako inakuwa sufuria. Halafu hewa ya huku nyepesi, kama asilimia 14 pungufu ya Dar. Feni inazunguka vilevile lakini inachopeleka ni kidogo, na injini inayokosa pumzi unazidi kuikanyaga.

Spana Namba 10: Na thamostati za Toyota nyingi zina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato. Ukiing'oa, maji ya moto mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Wanaong'oa wote wapokonywe spana.

Kipara wa Ubungo: Geji inapanda unaiona, bado unakanyaga? Fundi kasema kweli 😂

MamaWawili: Ningesimama wapi wewe? Kulia korongo, kushoto mwamba, nyuma basi linapiga honi! Na hata kama nimekosea, mtu anamwambia mwenzake "umechemka" mkwe anasikiliza?

Utingo Mstaafu: Usifungue huo mfuniko kabla haujapoa. Nimeona mtu mlima Sekenke kabandua ngozi ya kifua. Subiri ushike kwa kiganja bila kuruka.

MamaWawili: Nimesubiri saa nzima, kaka. Asante. Kiganja kimepoa, moyo bado. "Wewe ndio umechemka"!

Bwana Kiyoyozi: Bora wako anapokea simu. Wangu wa AC kala 150,000, gari inatoa joto miguuni na harufu ya samaki. Namba yangu kaifungia.

Kipara wa Ubungo: Huyo wa AC si yule wa gereji ya bluu? Kaniuzia kompresa yangu mwenyewe!

Bwana Kiyoyozi: Huyohuyo!!! Njoo inbox.

Mnyalukolo Halisi: Tukiwa kwenye wizi, nani kanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni juzi? Juu vikubwa kama ngumi, chini gololi.

Utingo Mstaafu: Mwagisha gunia lote kabla ya kulipa. Mimi sinunui bila kumwaga.

Kipara wa Ubungo: Gunia sasa hivi bei gani?