Mjadala: Je, ni sawa maji ya Tanga yagharimiwe kwa hatifungani?

Mtoa hoja, Ngamiani

Asalaam aleikum wanabaraza, na wakubwa shikamooni. Wenzangu wameniomba niiweke hoja hii kwa maandishi, kwa kuwa kwa mdomo tumeizungumza mara tatu na kila mara imeishia kwenye bei ya ndoo.

Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilifungua mauzo ya hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa kila baada ya miezi sita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mamlaka ya maji nchini kukopa moja kwa moja kwa watu na taasisi kupitia soko la mitaji. Wanunuzi walijitokeza hadi zikapatikana bilioni 54.72, na Mei mwaka huohuo hatifungani ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Swali langu ni hili: je, ni sawa huduma kama maji igharimiwe kwa mkopo wa namna hiyo, au ingebaki kazi ya bajeti ya serikali na wafadhili kama tulivyozoea?

Mimi nasema ni sawa, ingawa najua baadhi yenu mtaniita dalali.

Mji huu ulijengwa kwa mitaji ya watu wa mbali. Mkonge ulioletwa mwaka 1893, na reli ambayo ujenzi wake ulianza mwaka huohuo, vyote vilitegemea fedha ambayo maamuzi yake yalifanyika Ulaya. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani laki mbili za mkonge kwa mwaka. Nyuzi za plastiki zikaingia, bei ikaporomoka, na serikali ilipoyachukua mashamba mengi baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, ilichukua mali ambayo thamani yake ilikuwa imekwisha kuanza kuyeyuka. Tukabaki tukiitegemea serikali, na serikali yenyewe, hadi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, ilikuwa inahangaika kupata fedha za kigeni za kununulia hata vipuri. Sisemi hayo kwa kumlaumu mtu. Ninachosema ni kwamba hakuna fedha isiyo na mwenyewe: mfadhili ana masharti yake, bajeti ina foleni yake, na soko lina riba yake. Afadhali riba, kwa sababu imeandikwa mbele ya kila mtu katika waraka wa matarajio, ule unaowaeleza wanunuzi masharti ya hatifungani kabla ya mauzo.

Jambo la pili ni sarafu, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo hoja yangu iliposimama. Februari hiyohiyo ya 2024 majirani zetu wa Kenya walikopa dola bilioni 1.5 katika soko la dunia, na wanunuzi wakadai zaidi ya asilimia 10, kwa dola. Mkazi wa Makorora analipa maji kwa shilingi. Mamlaka ikikopa kwa dola, siku shilingi inapoteleza deni linavimba bila hata tone moja la ziada kupita kwenye bomba. Mkopo wa shilingi unaolipwa kwa mapato ya shilingi hauna ugonjwa huo, na kuukosa uwezo wa kukopa kwa sarafu yao wenyewe ndiko kulikoziangusha nchi nyingi zinazoendelea tangu miaka ya 1980.

Tena fedha hiyo ipo humu nchini. Sheria ya masoko ya mitaji ni ya mwaka 1994, na biashara katika soko la hisa ilianza Aprili 1998 ikiwa na kampuni moja tu. Kiwanda chetu cha saruji cha Pongwe kiliingia mwaka 2002. Lakini kwa miaka mingi akiba kubwa ya mifuko ya hifadhi ya jamii, benki na bima ilikuwa ikiingia katika hatifungani za serikali, kwa sababu pengine pa kuiweka palikuwa pachache. Mwaka 2022, Benki Kuu iliposhusha riba ya hatifungani mpya za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, wenye akiba walipata sababu ya kutazama kando. Kwa nini wasitazame mabomba ya Tanga?

Mwalimu mstaafu, Pangani

Mtoa hoja, mwanangu, umeandika vizuri, lakini umeruka hesabu. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni zaidi ya bilioni 7 kwa kila mwaka ambao deni lote bado lipo, kabla hata ya kurudisha mtaji. Fedha hiyo haitoki kwa wanunuzi wa Dar es Salaam. Inatoka kwenye dira ya maji iliyopo ukutani kwangu. Unasema riba imeandikwa mbele ya kila mtu, nami nakuuliza ni wangapi katika wanaolipa ankara waliousoma huo waraka.

Hilo nitaliacha, kwa kuwa lenye uzito kwangu ni jingine. Soko humkopesha aliye nacho. Tanga mjini kuna Mto Zigi unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, kuna bwawa la Mabayani, kuna viwanda, na kuna wateja waliozoea kulipa. Mwekezaji akiangalia vitabu anaona mapato, anatoa fedha. Sasa twende Handeni, ambako watoto wamezaliwa, wakakua, wakaoa, huku wakisikia habari za mradi wa HTM, lile bomba kuu la maji la Handeni. Ni nani atakayenunua hatifungani ya Handeni? Au ya Kilindi? Mkiufanya huu kuwa ndio mwendo wa nchi, serikali itapata kisingizio cha kusema kila mji ujikopee, na ile miji ambayo haikopesheki itaambiwa ingoje. Uchumi utakua, takwimu zitapanda, na ramani ya kiu itabaki palepale.

Na msidhani kwamba hatifungani ni kitu kisichovunjika. Desemba 2022 serikali ya Ghana iliwataka wenye hatifungani zake za ndani wazibadilishe kwa mpya, zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Mwaka uliofuata wastaafu, watu wa rika langu, walikuwa wakikusanyika nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra wakidai wasiguswe. Hao nao waliambiwa kwamba mkopo wa sarafu ya nyumbani ndio salama.

Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, Makorora

Shikamoo Mwalimu. Kaka mtoa hoja, habari za siku.

Mnabishana juu ya riba kana kwamba Tanga nzima inaweza kuila. Kikundi chetu kina akina mama 28, na fedha tunazo, si nyingi lakini zipo, zimekaa kwenye akaunti isiyozaa kitu. Habari ya hatifungani ilipotufikia tuliijadili kikaoni. Wengi wakasema hawaweki fedha yao mahali penye riba, na hakuna aliyewabishia, kwa sababu sote tunajua kilichoharamishwa. Kwa hiyo ankara tunalipa sisi, na riba inakwenda kwa asiyeyanywa maji haya. Kwangu jambo hili linaumiza kuliko hesabu ya Mwalimu.

Iko njia nyingine, na wala si ya kubuni. Benki ya KCB hapa nchini iliuza sukuk, yaani hati ya uwekezaji isiyo na riba inayofuata sharia ya Kiislamu, mwaka 2022, na Zanzibar ikatoa ya kwake mwaka 2025 kwa ajili ya miundombinu. Katika sukuk ya ijara mwenye fedha hakopeshi; ananunua sehemu ya kitu kilichopo, tuseme mtambo wa kusafishia maji, kisha mamlaka inakikodi na kumlipa kodi mpaka muda uishe na kitu kirudi. Fedha ni ileile na miaka ni ileile. Kwa nini mji wenye misikiti kama huu haukuanza na hiyo?

Karani mstaafu wa benki, Chumbageni

Naomba kuongeza mawili kwa kifupi. Kwanza, mwenye hatifungani hamiliki bomba wala hana sauti katika uendeshaji, kwa hiyo wanaoifananisha na ule mkataba wa kampuni binafsi ya City Water kuendesha huduma ya maji, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2003 na kuvunjwa 2005 wanachanganya mkopo na ubinafsishaji. Pili, pendekezo la dada wa Makorora ni zuri, ila lina mwiba: katika ijara kuna mali inayohamishwa kwa jina, na mali hiyo ni ya umma. Litahitaji sheria iliyonyooka, vinginevyo siku moja mtu atasema mtambo wa maji umeuzwa, naye hatakuwa amekosea sana.

Mwalimu mstaafu, Pangani

Bwana karani, huo mwiba ndio ninaouogopa mimi. Riba naichukia, lakini angalau najua kwamba mwenye riba hawezi kuja kuufunga mtambo.

Mtoa hoja, Ngamiani

Nimesoma yote, na nitajibu bila kufuata mpangilio.

Kuhusu Ghana, Mwalimu, aliyeshindwa kulipa pale alikuwa serikali yenyewe, iliyokuwa imekopa kwa ajili ya kila kitu, mishahara ikiwamo. Hatifungani yetu imefungwa kwenye mapato ya kazi moja. Mji wa Ahmedabad nchini India uliuza hatifungani ya rupia bilioni 1 mwaka 1998 kwa ajili ya maji na majitaka, bila dhamana ya serikali, lakini ulianza kwa kusafisha ukusanyaji wa mapato yake. Siri ilikuwa kwenye ukusanyaji, wala hakukuwa na muujiza wa soko. Kwa upande mwingine, mji wa Dakar ulijiandaa kwa miaka, na mwaka 2015 serikali kuu ya Senegal ikaisimamisha hatifungani yake siku chache kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba mkono wa serikali hauondoki hata pale unapotangazwa umeondoka.

Kuhusu Handeni umenishika. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba mji unaojikopea unaiachia bajeti nafasi ya kwenda kwa mji usiokopesheka, na kwenye karatasi jibu hilo linasimama. Lakini sijaona popote palipoandikwa kwamba fedha ambayo Tanga haikuiomba itapelekwa Handeni, na ahadi isiyoandikwa siwezi kuileta mbele ya mwalimu aliyenifundisha hesabu. Hapo hoja yangu ina pengo, na naliacha wazi.

Kuhusu ankara, bei ya maji haipandi kwa matakwa ya mamlaka peke yake. Ni lazima ipite EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na kabla ya hapo kuna mkutano wa taftishi ambao kila mkazi anaruhusiwa kuhudhuria na kusema. Tatizo ni kwamba tunakwenda tukiwa na malalamiko ya mgao na dira mbovu, hatuendi na hesabu. Ningependa safari ijayo mtu mmoja asimame aulize ni kiasi gani katika kila uniti ya maji kinakwenda kulipa hatifungani, na ni kaya ngapi mpya zimeunganishwa kwa fedha hiyo. Mwalimu, ungekuwa wewe ningefurahi.

Dada yangu wa Makorora, wewe ndiye uliyenibadilisha. Mimi nilikuwa nalitazama soko kama mahali pa kupata fedha ya mradi, nikasahau kuuliza ni nani aliyefungiwa mlango. Ikiwa faida ya maji ya Zigi inawafikia walio mbali na Zigi kwa sababu tu ya namna karatasi ilivyoandikwa, basi karatasi iandikwe upya, hata kama sheria itachukua miaka miwili. Mwiba wa karani unatoka iwapo kitakachokodishwa kitakuwa kitu kidogo, kinachotenganika, kama pampu za kituo kimoja au dira za mtaa mmoja, badala ya mtambo mzima.

Lakini nina swali, na naomba ukawaulize wenzako kikaoni kabla hatujaendelea. Pampu huharibika. Katika hatifungani, pampu ikiharibika deni la mamlaka halibadiliki. Katika ijara ya kweli, mwenye mali ndiye anayebeba hasara ya mali yake, na kodi husimama mpaka itengenezwe. Akina mama 28 wako tayari kwa mwezi wa namna hiyo?