Naomba ushauri: matembezi ya historia na wanafunzi 60

Wakuu, habari zenu. Nafundisha historia kidato cha pili hapa Mwanza. Tukifika Kilwa, nawasimulia yule msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alivyofika pale mwaka 1331 na kuusifu mji, na dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya kusini huko Msumbiji, lakini naona macho yamelala. Kuwapeleka Kilwa kwenyewe, wazazi hawataweza nauli.

Kwa hiyo muhula uliopita niliwapeleka Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, tukatembea na mwongoza wageni mmoja. Ngoma za watemi (machifu wa Kisukuma) na nyumba ya mhunzi ziliwaamsha kweli, nilifurahi sana. Shida ni kwamba walikuwa 60. Wa mbele walisikia kila kitu, wa nyuma hawakuambulia neno, wakaishia kucheza. Na niliporudi darasani nikagundua kwao "zamani" ni kitu kimoja tu: Kilwa ya karne ya 14, watemi, na mpelelezi Mwingereza Speke kuliona Ziwa Victoria mwaka 1858, vyote vimechanganyika.

Sasa nataka kurudia, safari hii na kamba ndefu yenye fundo kwa kila miaka 100, waishike wakitembea, kila kituo wasimame kwenye fundo lake.

Waliowahi kuongoza makundi ya shule: mnagawa vikundi vya watoto wangapi? Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kuongoza wadogo zao? Na njiani, barabara ya Musoma ina magari mengi, mnawavushaje salama? Hilo la mwisho linaninyima usingizi.