Nani aliomba hii apdeti? Gemu ya kupumzikia imegeuzwa kibarua

Wakuu, nimekuja na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Kuna gemu ya shamba niliyoinunua kwenye simu miaka ya nyuma. Nililipa mara moja, biashara ikaisha. Ndiyo gemu ninayoirudia kichwa kikijaa. Zipo gemu kali kuliko hiyo, zenye picha nzuri na hadithi ndefu, na ninazo, lakini siku nikirudi nimechoka na watu sihitaji hadithi. Nahitaji kumwagilia maboga, kuvua samaki pale chini ya daraja, kuwafungia kuku banda jua likizama, kisha nilale. Kila kitu nakijua kilipo. Hakuna anayenikimbiza, hakuna anayenidai.

Wiki iliyopita ikaja apdeti. Sikuulizwa, simu iliishusha yenyewe usiku. Nafungua, badala ya ule muziki wa gitaa nakuta duara linazunguka: "Inaunganisha." Gemu ya mtu mmoja inaunganisha na nani? Ikataka nifungue akaunti. Nikaweka barua pepe. Ikataka nikubali masharti mapya, maandishi yasiyoisha, kitufe cha kukubali kikubwa cha kijani, cha kukataa hakipo kabisa. Baada ya hapo likafunguka sanduku la "zawadi ya siku ya kwanza", na pembeni yake vijisanduku vingine vimepigwa kufuli, kwamba nikiruka siku moja tu naanza upya. Nikafunga. Likaja tangazo la gemu nyingine, sauti juu, ile alama ya kufungia imebanwa kwenye kona, ndogo kuliko ncha ya kidole, ukikosea kidogo unatupwa dukani kupakua gemu usiyoijua. Nikafunga. Ikaja ofa yenye saa inayohesabu kurudi nyuma.

Ndipo nikaruhusiwa kuliona shamba langu. Maboga yamekauka yote. Zamani ukizima gemu na muda wa shambani unasimama, ukirudi unakuta kila kitu ulivyokiacha. Sasa muda unakwenda hata ukiwa kazini, hata ukiwa umelala, hata ukiwa unamuuguza mtu. Ukitaka kuyafufua mazao unalipa vito, na vito vinauzwa kwa pesa halisi. Na pale chini ya daraja, pale pale ninapovulia, wamejenga kibanda cha "tiketi ya msimu" chenye kidoti chekundu kinachopepesa. Nimekigusa, nimekikwepa, nimeingia kwenye mipangilio yote kutafuta pa kukizimia. Hakizimiki mpaka ulipie tiketi.

Sasa najua kuna watu watakuja hapa kuandika "ni gemu tu mkuu, tulia". Kutulia ndiko nilikokuwa nafanya mpaka walipoingia!

Mtu anayerudia gemu ileile kwa miaka hatafuti ushindi. Anatafuta mahali ambapo mikono inajua la kufanya bila kichwa kuamrishwa. Tetris haina hadithi wala mhusika. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984, ni vipande vinashuka unavipanga, na hadi leo mtu akikaa kwenye foleni anaitoa mfukoni. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford wakiwemo Emily Holmes waliwaonyesha watu filamu ya matukio ya kuogofya, kisha baadhi yao wakapewa Tetris wacheze kwa dakika 10. Katika wiki iliyofuata, waliocheza walirudiwa na zile picha za kutisha mara chache kuliko ambao hawakucheza. Kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba haya ni mambo ya watoto. Tunajua tunachokifanya tunapofungua gemu tuliyoizoea usiku ambao usingizi umegoma.

Na gemu za aina hii zikitengenezwa na mtu anayekuheshimu, utaona. Stardew Valley ilitoka mwaka 2016. Eric Barone aliiandika peke yake kwa zaidi ya miaka 4, picha yeye, muziki yeye. Siku moja ya shambani mle ndani inachukua kama dakika 14 za kwetu, kisha unalala na kazi yako inahifadhiwa. Ukikaa mwaka mzima bila kuifungua, siku ukirudi ng'ombe wako yupo, maboga hayakuoza, hakuna aliyekuandikia ujumbe wa kukulaumu. Kipimo hicho cha dakika 14 kina akili nyingi sana: kinatosha kupunguza mawazo, na ni kifupi kiasi kwamba mtu mwenye majukumu anaweza kusema "siku moja tu" na kweli ikawa moja.

Au Animal Crossing: New Horizons, iliyotoka Machi 2020 wakati watu wengi duniani wamefungiwa ndani. Hiyo inafuata saa halisi, na ukipotea muda mrefu magugu yanaota kisiwani na majirani wanakuuliza ulikuwa wapi. Lakini magugu unang'oa kwa mkono, bure. Hata mkopo wa nyumba anaokupa Tom Nook, yule mhusika mwenye duka mle ndani, hauna riba wala tarehe ya mwisho. Unalipa ukijisikia. Aliyekaa akaamua deni la kwenye gemu lisiwe na tarehe ya mwisho alikuwa anaelewa mtu amechoka na nini huko nje.

Hii mbinu ya kukausha mazao ili urudi kwa hofu haikuanza leo. FarmVille ilikuwa nayo tangu 2009 kule Facebook, usipovuna kwa wakati mazao yananyauka. Lakini FarmVille ilikuwa ya bure tangu mwanzo, na tabia yake ilijulikana tangu siku ya kwanza. Kinachoniuma mimi ni kuuziwa kitu kimoja halafu kubadilishiwa mkononi nikiwa nacho. Hizi zawadi za kila siku wanazoziita ukarimu ni daftari la mahudhurio. Hufurahii ukipata, unaogopa ukikosa. Gemu inayokufanya uamke kuangalia kama hujakatisha mfululizo haikupumzishi, imekuajiri, na mshahara unalipa wewe.

Nimewaandikia huduma kwa wateja. Nimeeleza kwa adabu kabisa: nilinunua, nacheza peke yangu, naomba njia ya kuzima matukio ya msimu na kucheza bila intaneti kama zamani. Jibu lilianza na "asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu", likaendelea na aya mbili za furaha yao kuhusu maudhui mapya, na mwisho wakaniwekea vito vya zawadi kwenye akaunti kwa ajili ya usumbufu. Vito! Nimelalamika kwamba sitaki vito, nikapewa vito. Kuhusu intaneti hawakugusa hata neno moja.

Na hilo la intaneti ndilo linalonitisha kuliko matangazo. Tangazo linakera likapita. Gemu iliyofungwa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, inakufa siku seva ikizimwa, hata kama ulilipia. Tetris yenyewe, ile ya simu iliyokuwa ikitolewa na kampuni ya EA, ilizimwa Aprili 2020. Kupanga vipande kunahitaji seva ya nini? The Crew ya kampuni ya Ubisoft ilitoka 2014, gemu ya magari unayoweza kuzunguka nayo Marekani peke yako ukisikiliza redio, wapo waliokuwa wanaifungua kwa ajili ya kuendesha tu, bila shindano. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikafungwa, na hata mwenye diski mkononi akabaki na plastiki. Hapo ndipo Ross Scott, mtu wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ya kudai gemu zilizouzwa zisizimwe hivyo, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka sahihi milioni 1. Watu milioni hawawezi kuwa wote wanadeka. California nayo kuanzia 2025 sheria inawabana wauzaji wa vitu vya kidijitali: kama unachouza ni leseni inayoweza kuondolewa, usimwambie mteja kwamba "ananunua" bila kumweleza hivyo waziwazi. Ni hatua, lakini kuelezwa kwamba utanyang'anywa bado ni kunyang'anywa.

Najua utetezi wao. Seva zina gharama, wasanidi wanakula, gemu ya kulipia mara moja hailipi. Mimi sipingi mtu kula jasho lake. Lakini seva imeletwa na nani kwenye shamba la mtu mmoja? Waliiingiza wenyewe, kisha wanatutoza gharama yake. Na kwamba gemu ya kulipia mara moja hailipi, Stardew Valley imeuza nakala zaidi ya milioni 40, na apdeti yake ya 1.6 ya mwaka 2024 ilitolewa bila senti ya ziada. Barone ametamka hadharani kwamba hatatoza apdeti maisha yake yote. Apdeti ile iliongeza vitu na shamba langu la zamani likabaki lilivyo. Kumbe inawezekana kuongeza chumba bila kumfukuza mtu sebuleni.

Mfano mwingine ambao ningependa wausome mara mbili: Animal Crossing: Pocket Camp ya simu. Ilikuwa na manunuzi ya ndani miaka yote. Novemba 2024 Nintendo wakafunga huduma ile, lakini badala ya kuizika wakatoa toleo jipya la kulipia mara moja, halina yale manunuzi ya ndani, na mchezaji aliweza kuhamisha kambi yake akaendelea nayo. Walichukua gemu iliyojaa ndoana wakazing'oa. Hawa wa kwangu wamechukua gemu isiyo na ndoana hata moja wakazipachika.

Sidai gemu mpya, sidai hata apdeti ya bure. Nataka toleo nililonunua libaki kwenye duka kwa sisi tuliolinunua, kwa jina lake, na hilo lao la misimu waliuze pembeni kwa wanaolitaka. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, msanidi anaweza kuacha matoleo ya zamani yapatikane, na Stardew wamefanya hivyo. GOG, duka jingine kama hilo, wanakupa faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski yako na hakuna anayelifikia. Kwenye simu ndiko tunakoonewa, maana apdeti ikishaingia hakuna mlango wa kurudi. Ukifuta na kupakua upya unapewa hilo hilo jipya.

Nimeomba kurudishiwa pesa, nimeambiwa muda umepita. Nimeweka nyota moja na maelezo, na nawaomba walioguswa na jambo kama hili waandike pia, wasiishie kuweka nyota, waseme hasa ni nini kiliondolewa. Na walioumia na gemu nyingine waitaje hapa pamoja na mwezi ilipobadilishwa, ili anayetaka kununua ajue kabla hajatoa pesa.

Kama bado una toleo la zamani la gemu unayoipenda, usisubiri. Kwa Android, ingia Play Store, fungua ukurasa wa hiyo gemu, bonyeza nukta tatu juu kulia, ondoa tiki kwenye kujisasisha yenyewe. Kisha zima data na Wi-Fi, ifungue, uone kama inawaka bila intaneti. Isipowaka, usiweke humo pesa nyingine.